Titi Kabla ya Ngurario

Titi langu la kushoto nimelifuma mwenyewe. Ni la sufu ya maruni iliyobaki kwenye oda ya sweta za shule moja ya msingi hapa Karatina, na ndani nimelijaza punje za wimbi, nikilipima mkononi hadi uzito ukakaribiana na wa mwenzake. Wendy, binti yangu wa miaka minne, huliazima liwe mto wa mwanasesere wake. Siku moja nililifua nikalianika kwenye kamba. Nilipotoka nje nilikuta limetobolewa, na jogoo wa jirani amesimama kando akiwaita wake zake waje kula.

Lile nililozaliwa nalo naliita Marehemu. Liliondolewa Oktoba mwaka jana, hospitalini Nyeri. La kulia naliita Mjane. Mjane yuko hai na anajiweza, ila tangu aachwe peke yake ameanza kuinama kidogo upande wa pili, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kiti. Muchiri, baba yake Wendy, aliposikia majina hayo mara ya kwanza alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya choo. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka na hakutaka nimwone.

Mimi na Muchiri tumekaa pamoja miaka sita bila kumaliza mambo ya kimila. Kila tukitaka kumaliza, kitu kinatokea. Kwanza korona, halafu mimba, halafu ule uvimbe. Mwaka huu tata Watiri akachoka. Tata ni dada mkubwa wa mama yangu, ambaye ni marehemu wa kweli, na tata ndiye aliyenilea. Alinipigia simu mwishoni mwa Mei.

"Ngurario ni Agosti tarehe tisa," akasema. "Nimeongea na wazee, nimeongea na mtu wa hema, nimeongea na Mungu."

"Na mimi ningeongea na nani, tata?"

"Wewe utaongea na mshonaji. Uko na mwili wa aina gani siku hizi?"

Ngurario ni siku ile mwanamume anakata bega la mbuzi mbele ya watu, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kusema huyu si mke wako. Lakini kabla ya kisu kuna mchezo. Wanawake wa kimo kimoja wanafunikwa leso kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, wanapangwa mstari, na bwana arusi anapita mbele yao akimtafuta wake. Akikosea anatozwa faini, na anachekwa mpaka azeeke. Nimehudhuria ngurario nyingi, na katika zote nilijiona mimi ndani ya leso, nikimsikia Muchiri akipita na kurudi, akipita na kurudi. Katika ndoto hiyo nilikuwa na matiti mawili. Sikuwa nimeliona hilo kama jambo la kuomba.

Binamu yangu aliye nesi Marekani alikuwa ameahidi kulipia oparesheni ya kurudisha titi, yoyote na popote. Kwa hivyo swali lilibaki moja tu: lini?

Tata alikuwa na jibu, na mwanzoni mwa Juni alinipigia tena. Alikuwa ameona kwenye simu kliniki moja ya Nairobi, yenye picha za wanawake wanaocheka wakiangalia dirisha. "Wanakuwekea mfuko wa silikoni Julai tarehe tatu," akaniambia. "Agosti unacheza ngoma ya mugithi. Nimeshaongea nao. Wamekuwekea nafasi, ila wanataka useme ndiyo kabla ya Jumamosi saa sita."

Alhamisi ya wiki hiyo nikaenda Nyeri kumwona Daktari Anita, aliyenifanyia upasuaji. Ni mdogo kwa umri, huvaa viatu vya kukimbilia, na ana mazoea ya kukuangalia hadi unakumbuka dhambi zako. Muchiri alikuja nami. Alikuwa ameomba ruhusa kutoka kituo cha maziwa cha ushirika, anakopima maziwa ya wakulima kila asubuhi, na bado alikuwa ananuka krimu.

"Mionzi ulimaliza lini?" Daktari akauliza, mkono wake ukipita juu ya kovu langu polepole.

"Aprili tarehe nne."

"Na hii ni Juni." Akafunga gauni langu. "Wamucii, wewe unaona imepoa. Imebaki rangi ya chai kavu, haiwashi, haitoki maji, unasema imepona. Huku chini bado inapikika. Mionzi haimalizi kazi siku umetoka kwa mashine."

"Kliniki wamesema miezi mitatu inatosha."

"Inawatosha wao." Akavuta kiti. "Ukiweka silikoni chini ya hiyo ngozi sasa, mwili unaweza kuubana ule mfuko hadi uwe mgumu kama ngumi. Ama ngozi ikatae kupona, ifunguke, tuutoe. Si lazima ikuwe hivyo. Kuna wenye walifanya mapema na wako sawa. Lakini wenye nimewatoa hiyo mifuko ni wengi kuliko vile ningependa."

"Na nikingoja?"

"Miezi sita ndiyo mapema kabisa. Mimi ningependa karibu mwaka. Na singeweka mfuko. Ningechukua hapa." Akanifinya tumbo. "Ngozi na mafuta ya tumbo, pamoja na mishipa yake ya damu. Tunapandisha juu, mwenzangu anaunganisha mishipa, inaishi. Hii haijapigwa mionzi. Inakuja na damu yake."

Nilimwelewa kuliko alivyofikiri. Mimi ni fundi wa sweta. Kuna akina mama wanaochemsha sweta ya sufu kama githeri. Inaganda, inakuwa ngumu kama zulia, halafu wananiletea: Wamucii, niongezee mkono. Haiongezeki. Sindano haiingii, na ukilazimisha, uzi mpya unakata ule wa zamani. Kinachofanya kazi ni kutoa kipande kizima kutoka sweta nyingine, chenye pindo zake, na kukishonea hapo kilivyo. Nikamwambia hivyo.

Daktari Anita akacheka. "Hiyo mimi nilisoma mwaka mzima," akasema.

Kisha akanifinya tumbo tena, safari hii kama mtu anayechagua parachichi sokoni, na akakunja uso. "Lakini hii haitoshi. Kemo imekukausha. Nenda ule."

Naomba niwaambie, tangu Wendy azaliwe tumbo hilo nimelifunga kwa mkanda, nimelinyima mkate, nimelilaani hata kanisani. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuniambia kwamba halitoshi. Karibu nimkumbatie.

"Na wewe, baba?" Daktari akamgeukia Muchiri. "Unaonaje?"

"Mimi," Muchiri akasema, "ni chenye ataamua."

"Basi uamuzi ni wako, Wamucii. Ukienda Julai sitakukasirikia. Lakini waulize swali moja: wanawake waliopigwa mionzi, wenye waliwekewa mfuko kabla ya miezi sita, ni wangapi walirudi kutolewa? Wakikujibu kwa nambari, wasikilize. Wakikujibu kwa maneno matamu, ukate simu."

Tulipotoka nje nilimngoja Muchiri aongee. Tulipita wauza magazeti na wauza viazi vya kuchoma, na yeye kimya. Nikashindwa.

"Uko na maoni kuhusu chakula cha ng'ombe," nikamwambia. "Uko na maoni kuhusu marefa wa Uingereza, watu hujawahi kuwaona. Titi la mke wako huna maoni?"

"Si mwili ni wako, Mama Wendy?"

"Ni wangu. Nimekuuliza maoni, sijakuuliza hatimiliki."

"Chenye utaamua, mimi niko nyuma yako."

"Toka nyuma yangu, kwani mimi ni trela?"

Akanunua viazi, akanipa vyote. "Umeambiwa ule," akasema.

Sasa lazima niseme ukweli, kwa sababu hadi hapa ninaonekana mtu wa akili. Kichwani nilijua. Ningemaliza fomu nzima ya sababu za kungoja bila kuinua kalamu. Lakini nilitaka Julai. Nilitaka picha ambayo Wendy akiwa mkubwa ataiangalia na hataniuliza chochote. Nilitaka kusimama ndani ya leso niwe mwanamke kama wale wengine, nisiwe yule wa kupitiwa haraka kwa huruma. Na chini ya hayo kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Daktari alisema "karibu mwaka" kama kwamba mwaka uko kabatini, unafungua tu unautoa. Julai niliiamini. Agosti niliiamini. Mwaka ujao lilikuwa neno la watu wenye afya. Nikilisikia nilikuwa nageuza mazungumzo, kama mwalimu wetu wa bayolojia kwenye masomo ya jioni ninayohudhuria siku hizi, ambaye akifika ukurasa wenye titi hugeuza kurasa mbili kwa pamoja.

Ijumaa jioni nilikuwa nimeamua. Jumamosi wakipiga, nitasema ndiyo.

Jumamosi hiyohiyo tata Watiri alikuwa ameitisha mazoezi ya kufunikwa leso. Nilimwambia Muchiri ninaenda Nyeri kujaribu gauni, na niliondoka kweli, ila mshonaji alinipigia nikiwa bado stendi akaniambia gauni halina mikono bado. Nikageuka nikaenda kwa tata, mwendo wa dakika kumi kutoka soko la Karatina. Kufika saa nne nikakuta wenzangu wako sebuleni: rafiki yangu Shiro anayeuza mayai, jirani yetu Njoki mwenye mtoto mchanga, na mabinamu wangu wawili mapacha ambao huwa hawaongei ila kuchekana.

Tata alitufunika, akarudi hatua tatu, akatazama. Akapiga ulimi.

"Hapana. Muthoniwa atamjua akiwa bado barabarani." Muthoniwa ni mkwe, na tata humwita Muchiri hivyo hata akimgombeza. "Wamucii, kifua chako kimekuwa kama mlima upande mmoja na uwanja wa ndege upande mwingine."

"Nitavaa hili la wimbi, tata."

"Hiyo ya wimbi inashuka! Jumapili kanisani ilikuwa imefika mbavu. Mchungaji alikuwa anahubiria tumbo."

Shiro akacheka ndani ya leso hadi leso ikaanguka.

"Basi," tata akasema, na nikaona wazo linamwingia kama mtu amepata nauli chini ya godoro. "Kama yeye hawezi kuwa na mbili, wote muwe na moja. Tuone muthoniwa atachagua nini."

Akatoa bandeji, zile za kufunga mguu ulioteguka. Nilifikiri watakataa. Hawakukataa. Mapacha walikuwa wameshavua blauzi kabla hajamaliza kusema. Shida ilikuwa Shiro, ambaye kifua chake huingia dukani yeye akiwa bado anavuka barabara.

"Tata, hii haifungiki," akasema, akihema. "Hii tuikodishie nyumba."

"Ingia ndani, wewe!" tata akaliambia titi lenyewe, akisukuma kwa goti. "Ingia!"

Alipomaliza kumfunga Shiro jasho lilikuwa linamtiririka, kwa hivyo wengine akawaamuru kwa mdomo. "Njoki, jifunge mwenyewe. Funga moja, uache ya kuria."

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Tata ni Mkikuyu wa Mathira, na kwake l na r ni mtu na pacha wake. Anayetangulia ndiye anayetoka. Alimaanisha titi la kulia, aliache, afunge la kushoto kama langu. Lakini Njoki ananyonyesha. Aliposikia "ya kuria", neno ambalo kwa Kikuyu ni kula, alielewa kama mama yeyote mwenye mtoto mchanga angeelewa: uache lile la mtoto kulia chakula. Na mtoto wa Njoki ana tabia ya kupenda moja. Analo lake, la kushoto. Basi Njoki akaliacha la kushoto, akalifunga la kulia. Mapacha wakamwangalia Njoki wakafanya kama yeye.

Tata akatufunika tena, akatupanga, akarudi nyuma.

"Mbona nyinyi watatu mko hivi? Nilisema kuria!"

"Si hii ndiyo anakulia, tata!" Njoki akalalamika. "Hiyo ingine hataki hata kuiona!"

"Nani anakula?"

"Mtoto!"

"Mtoto amekuja kufanya nini kwa ngurario?"

Sikuweza kupumua kwa kucheka. Nilikuwa nimefunikwa, machozi yananitoka, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba kulikuwa na chumba kizima cha wanawake wenye titi moja moja, na mimi nilikuwa wa kawaida kuliko wote, kwa sababu langu halikuwa linauma. Shiro alikuwa anaguna. "Wamucii, hivi ndivyo umekuwa ukijisikia?" akanong'ona.

"Hapana. Mimi Marehemu haning'ang'anii."

Mlango ukagongwa, na kabla tata hajajibu ukafunguliwa. "Tata, nimeleta soda," sauti ikasema. Alikuwa Muchiri.

Tuliganda. Nikasikia kreti inawekwa chini polepole sana.

"Tata," akasema. "Mmewafanyia nini hawa watu?"

Tata hajawahi kushindwa na jambo. "Tunafanya mazoezi. Chagua mmoja, tuone kama macho yako yanafanya kazi."

"Wamucii ako Nyeri kwa mshonaji."

"Ndio nasema mazoezi. Haya, pita."

Hakupita. Nilimsikia akikaa kwenye kreti, chupa zililia. "Wote wana moja," akasema taratibu. "Mmewafunga wote wakuwe na moja."

"Kwa sababu yako, usiibe mtihani. Lakini usijali, labda hatutahitaji hii kazi. Leo saa sita anajibu kliniki. Titi linakuja Julai."

Muchiri akasema, "Mimi sitaki Julai."

Moyo wangu ukapiga mara moja, kwa nguvu, upande ule usio na kitu cha kuuzuia.

"Ati hutaki?" tata akauliza. "Si umekuwa ukisema chenye ataamua?"

"Nitasema nini kingine? Nikimwambia ngoja, atasikia kwamba sijali, akae hivyo. Nikimwambia fanya, atasikia kwamba simtaki vile ako. Kila mlango nikifungua kuna mbwa. Sasa nasema 'chenye utaamua, chenye utaamua,' nimekuwa kama kasuku." Akavuta pumzi. "Tata, Oktoba walipomwingiza waliniambia masaa mawili. Yakapita manne. Nilikuwa nimeketi hapo nimeshika viatu vyake. Nesi akatoka, akaniuliza, wewe ndio bwana ya Wamucii? Nikasema hapana."

"Ulisema nini?"

"Nikasema mimi ni dereva wa teksi. Nimemleta tu. Kwa sababu nilijua bwana ndio huambiwa. Dereva wa teksi hawezi kuambiwa kitu. Yule nesi alikuwa anataka tu kunipa karatasi nisaini. Akazunguka hospitali nzima akitafuta bwana."

Mapacha, ambao hucheka hata mazishini, hawakucheka.

"Sasa mnataka nishike viatu tena Julai," akasema, "kwa ngozi yenye daktari amesema bado inaiva. Ili Agosti mimi nikate mbuzi nikiwa na picha nzuri. Akiamua, nitashika. Lakini msiniambie niwe na furaha."

Hapo ndipo simu yangu ililia. Nilikuwa nimeiweka ndani ya bra, upande wa Marehemu, kwa sababu ndiyo mfuko mzuri kuliko yote niliyo nayo. Ilitetemeka na kuimba wimbo wa kwaya, na vichwa vinne vilivyofunikwa vikanigeukia. Niliitoa. Ilikuwa ni kliniki, saa sita kasoro kumi.

Nikapokea nikiwa ndani ya leso.

"Haloo, dada Wamucii! Ni ndiyo, si ndiyo?" Alikuwa na sauti ya mtu anayetangaza biskuti.

"Nina swali," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya gunia, na kwa kweli nilikuwa. "Wanawake waliopigwa mionzi, mkawawekea mfuko kabla ya miezi sita. Ni wangapi walirudi kutolewa?"

"Oh! Wateja wetu wote wanafurahi sana, dada."

"Wangapi?"

"Hayo daktari atakueleza siku ya oparesheni, usiwe na wasiwasi. Nafasi imebaki moja. Na ukithibitisha leo, utaoshwa meno bure."

Nilisimama na simu sikioni. Ningependa kusema niliamua kwa sababu ya maneno ya Muchiri, ingekuwa hadithi tamu zaidi. Yalinisaidia, sikatai. Lakini nilichokuwa nasikia ndani ya leso ni mtu akijaribu kuniuzia Julai kwa meno, na nikajiuliza kwa nini niko tayari kuinunua. Nilikuwa nang'ang'ania Julai kwa sababu nilidhani ndiyo iliyobaki. Nilikuwa nimeamua, bila kumwambia mtu, kwamba mimi sifiki mwaka ujao, kwa hivyo vitu vyote viwahi. Na hakuna daktari aliyekuwa amesema hivyo. Daktari Anita alikuwa amesema nenda ule. Mtu hamwambii maiti anenepe.

"Mpe mwingine hiyo nafasi," nikasema. "Lakini mwambie aulize hilo swali."

Nikakata. Nikavua leso.

Muchiri alikuwa bado ameketi kwenye kreti, mdomo wazi, macho mekundu. Alimwangalia tata, akaniangalia mimi, akaangalia mlango kama anayepima umbali.

"Dereva," nikamwambia. "Hujambo?"

"Ulikuwa hapo," akasema. "Muda wote."

"Nilikuwa hapa. Wa tatu kutoka kushoto."

"Nilikuwa nakuangalia wewe," akasema. "Nilidhani ni Njoki. Nilikuwa najiuliza, mbona Njoki amekonda?"

"Kwa hivyo ungekosea, muthoniwa!" tata akapiga makofi. "Faini!"

Sikumkumbatia kama kwenye sinema, kwa sababu Njoki alipiga kelele wakati huohuo. "Nifungueni! Maziwa!" Bandeji yake ilikuwa imelowa, na mapacha walikuwa wanavutana na pini, na Shiro tayari alikuwa ameifungua bandeji yake mwenyewe na kukaa chini akijipangusa kama aliyetoka kubeba gunia. Muchiri aligeuza uso ukutani kwa adabu, akabaki akisoma kalenda ya ushirika. Nilienda nikasimama kando yake.

"Sitaki Julai pia," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Lakini siku nyingine nikikuuliza maoni, unipe maoni. Mahali pa kuyaweka nitajua mwenyewe."

"Naogopa," akasema.

"Hayo ni maoni."

"Na picha?" tata akauliza kutoka nyuma, hajamaliza vita. "Picha zitakaaje?"

"Zitakaa vile niko, tata. Wendy akiuliza, nitamjibu. Hata hivyo anajua, ndiye huliazima la wimbi."

Tata alifikiri, akageukia bandeji zake. "Basi hizi tunabaki nazo," akasema. "Agosti wote mtafunga. Na kushoto! Kushoto! Kuria nimefuta."

Jumatatu nikaenda Nyeri peke yangu. Daktari Anita alikuwa chumba cha upasuaji, lakini karani wake Huseni alikuwa mapokezini, mzee mpole ambaye huandika majina ya watu kwa herufi nzuri hadi unaona jina lako limeoga.

"Karibu, dada. Shida yetu nini leo?"

"Nataka kuandikwa. Kuwekewa titi."

Hakushtuka. "La lini?"

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya neno hilo njiani, midomo ikitembea, hadi mwanamke aliyeketi kando yangu akadhani nasali. "Mwaka ujao," nikasema. "Machi."

Huseni akafungua kitabu cha miadi, akapekua hadi Desemba, akafika ukurasa wa mwisho. Akaupapasa kama anayeamini kuna mwingine chini yake.

"Cha mwaka ujao hakijaletwa, dada. Huletwa Novemba. Rudi Novemba tutakuandika."

"Niandike leo."

"Wapi sasa?"

"Popote."

Aliniangalia juu ya miwani. Kulikuwa na watu sita nyuma yangu kwenye benchi, mmoja anakohoa kwa makusudi. Huseni akakifunga kitabu, akakigeuza, akafungua jalada la nyuma, ile karatasi ngumu ya ndani isiyo na mistari. Ilikuwa nyeupe yote. Akachukua penseli, akaanza kuandika *Machi* juu kabisa.

"Wino," nikamwambia.

Akaangalia penseli, akaniangalia mimi. Akafungua droo, akatafuta kalamu, akaijaribu kwenye kiganja, akaandika.